Habari za Darasani ni Mali ya Nani?

Liko swali ambalo sisi walimu huulizana mara nyingi tukiwa peke yetu, wala hatulisemi mbele ya wazazi. Swali lenyewe ni hili: habari za mtoto darasani, asomavyo na ashindwavyo, ni mali ya nani? Je, ni mali ya mwalimu, azitoe apendapo na kuzinyima apendapo? Ni mali ya baba na mama? Au ni mali ya mtoto mwenyewe? Twataka kulifikiri swali hili mbele yenu, maana hapa Kyela, tangu Ipinda hata Matema, wako watoto waliopotea kwa kuwa watu wazima walilijibu vibaya.

Kwanza yafaa tujue habari zenyewe ni kitu gani. Wazazi wengi waulizapo mambo ya shule huuliza neno moja tu: "Amekuwa wa ngapi?" Mwalimu naye hujibu neno moja: wa tatu, au wa sabini na moja. Kisha huagana. Lakini mzazi huyo amerudi nyumbani na nini mkononi? Ni sawa na mtu aliyeuliza habari za shamba lake la mpunga, akaambiwa, "Shamba lako ni la arobaini hapa kijijini." Hajui kama maji yamepungua, au magugu yamezidi, au ndege wamekula. Kwa habari ya namna hiyo hawezi kushika jembe. Aweza kujivuna tu, au kuona haya tu.

Habari ya kweli si hiyo. Tangu mwaka 2015 watoto wa darasa la kwanza na la pili hufundishwa hasa mambo matatu, kusoma, kuandika na kuhesabu, ndiyo yaitwayo KKK. Mtoto huanza kwa sauti za herufi. Kisha huunganisha silabi, ba, be, bi, bo, bu. Ndipo huja neno, na baada ya neno sentensi. Mwingine hupita silabi nyepesi mbio mbio, lakini akifika penye "mbwa" au "ng'ombe" hukwama kama mtumbwi mchangani. Katika hesabu mwingine hujumlisha vema hata ishirini, maadamu ana vijiti na vizibo vya chupa mbele yake. Vikiondolewa, amepotea njia. Basi mwalimu akimwambia mama, "Mwanao ajumlisha kwa vijiti, bado hajaweza kwa kichwa," mama huyo amepewa jembe. Hata kama hajui kusoma, aweza kumwuliza jioni, "Nimeuza vyungu saba na vimebaki vitano, nilikwenda na vingapi gulioni?" Akina mama wa Ikombe, wafinyanzi hodari, hufanya hesabu za namna hiyo kila waendapo kuuza, wala hawakuzisoma kitabuni. Hawakosi akili ya kumsaidia mtoto. Wanalokosa ni kuambiwa wamsaidie wapi.

Tena liko jambo la lugha. Wengi wa watoto wetu hufika shuleni na Kinyakyusa vinywani mwao, na wale wa Ikombe huja na Kikisi. Shule yasema Kiswahili. Mtoto aliye msemaji hodari kwa bibi yake, ajuaye hadithi na mafumbo, hukaa kimya darasani kama mgeni. Mwalimu asiyejua alivyo nyumbani humwita mjinga. Mzazi asiyejua alivyo darasani hudhani mambo yote ni salama. Kila mmoja ana nusu ya mtoto, na kila mmoja afikiri anaye mzima.

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Bibi Monica Wilson, aliyefanya utafiti katika nchi hii pamoja na mumewe Godfrey kati ya miaka 1934 na 1938, alieleza katika kitabu chake Good Company, kilichopigwa chapa mwaka 1951, desturi ya vijiji vya marika. Wavulana walipofika umri wa miaka kama kumi walitoka nyumbani, wakajenga vibanda vyao mahali pamoja, wakalala huko. Lakini chakula walikula kwa mama zao, wakienda kwa kundi, leo nyumba hii na kesho nyumba ile. Na kazi walifanya katika mashamba ya baba zao. Tena wazee walilithamini sana jambo liitwalo ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa adabu na mazungumzo, wakiamini ya kuwa mtu hupata hekima kwa kuongea na wenziwe.

Hatusemi turudie vijiji vile. Twasema tuyaangalie mambo mawili yaliyokuwamo. Mtoto alikuwa na mahali pake pa kujifunza mbali na wazazi, na hata hivyo hakutoka machoni pao, kwani njaa ilimrudisha jikoni kila siku. Na shule ya leo ni nini, kama si kijiji cha marika? Watoto hukaa huko tangu asubuhi, kisha njaa huwarudisha. Walakini siku hizi mtoto hula, huosha sahani, hulala, wala hapana aliyemwuliza, "Leo umejifunza nini?" Njia ya kwenda shule na kurudi ipo, ila haina mpita njia aliyebeba habari.

Sasa tulijibu swali letu. Sisi twaona ya kuwa habari za darasani ni amana. Mwenyewe ni mtoto, kwa sababu ndiye habari hizo zitakayemjenga au kumbomoa. Wazazi wana haki ya kuzipata, kwa kuwa wao ndio watakaoulizwa juu ya maisha yake. Mwalimu ni mchukuzi. Na mchukuzi mwaminifu hafanyi mambo mawili: hafungui mzigo akaficha kitu, wala hautupi mzigo sokoni kila mtu autazame.

Kuficha kupo, na mara nyingi huvaa nguo ya upole. Mwalimu huogopa kumhuzunisha mama, basi humwambia, "Anaendelea vizuri," mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Hata upimaji wa darasa la nne ukija, mama aona ya kuwa mwanawe hawezi kusoma barua ya mistari mitatu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Upole huo ulikuwa upole kwa mwalimu mwenyewe, maana ndiye aliyeepushwa na saa moja ya taabu. Mtoto amelipa miaka mitatu.

Kutangaza nako kupo. Siku ya mkutano wa wazazi majina husomwa kwa sauti tangu wa kwanza hata wa mwisho, na watu hucheka wafikapo chini. Mtoto wa mwisho amesikia, mama yake amesikia, na jirani ambaye jana waligombana kwa mpaka wa shamba naye amesikia. Tuulize, mtoto huyo amefundishwa nini siku ile? Amefundishwa ya kuwa yeye ni wa mwisho, basi. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha desturi yake ya kutangaza shule bora na watahiniwa bora wa taifa. Ikiwa Baraza la nchi nzima limeweza kuwapa watu matokeo yao bila kuwapanga hadharani, je, darasa moja la kando ya ziwa litashindwa?

Labda mwenzetu atasema, "Mashindano huwatia watoto bidii." Ni kweli, humtia bidii yule aliye wa pili, atamaniye kuwa wa kwanza. Yule wa themanini humkatisha tamaa. Naye ndiye aliyekuwa na haja zaidi ya mwalimu.

Liko neno zito kuliko hayo, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Yafaaje kusema kweli mahali ambapo kweli yaweza kumdhuru mtoto? Twamjua mwalimu mmoja, katika shule moja ya ufukoni, aliyekuwa na mvulana wa darasa la pili asiyeweza kuunganisha silabi, tena hulala usingizi kabla ya jua kuwa kali. Mwalimu aliogopa kumwambia baba, akifikiri, "Atasema kichwa hiki si cha shule, aje mtumbwini." Mwalimu mwenziwe alimshauri anyamaze, ili mtoto apate walau kubaki na wenziwe darasani. Shauri hilo halikuwa la mtu mbaya. Hata hivyo twasema lilikuwa shauri baya, kwani mtoto aketiye darasani bila kujifunza ameshaondolewa shuleni, ila dawati tu halijajua.

Mwalimu yule alikwenda. Hakupeleka nambari, alipeleka daftari. Alimwonyesha baba, mtoto mwenyewe akiwapo: "Hizi anazijua. Hizi bado. Na saa hizi hulala." Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema ya kuwa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, mtoto huenda na babu yake kuvua usipa kwa taa, nao hurudi alfajiri. Hakuna aliyekuwa amemwuliza neno hili. Mwalimu alikuja kuleta habari, akarudi amebeba habari. Walipatana ya kuwa babu ataandamana na kijana mkubwa, na mtoto atakwenda ziwani usiku wa kuamkia siku zisizo za shule. Mtoto hakuwa wa kwanza mwaka ule. Alifika kusoma sentensi fupi, polepole, akifuata kwa kidole. Hayo si madogo.

Mtu atauliza, "Je, kama baba angemtoa shuleni?" Twajibu ya kuwa mwalimu apelekaye kweli asiende na kweli peke yake, aende pia na njia ya kutokea, na ikibidi aende na mwenyekiti wa kijiji na mtu wa kamati ya shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule ya msingi na kuhakikisha ahudhuria. Kumtoa si hiari ya baba. Na kama baba ni mwepesi wa fimbo, mwalimu amwambie waziwazi: fimbo haijapata kumfundisha mtu silabi. Kweli iliyotupwa mlangoni na kuachwa yaweza kuua. Kweli iliyosindikizwa huponya.

Walimu wenzetu watalalamika, "Darasa lina watoto tisini, tutazifikiaje nyumba zote?" Twajua taabu hiyo, tunayo sisi wenyewe. Lakini watoto watano kila juma, katika majuma kumi na manane wote tisini wamekwisha. Si lazima iwe ziara. Mazungumzo mafupi njiani baada ya ibada ni habari. Mstari mmoja katika daftari, "Msaidieni kuhesabu kwa kurudi nyuma," ni habari. Na penye nyumba isiyo na msomaji, kaka au dada wa darasa la juu atausoma. Siku ya mkutano, badala ya orodha ya majina, tutandaze madaftari mezani, kila mzazi afunue la mwanawe na mwalimu amweleze kwa sauti ya chini.

Nanyi wazazi, msiseme amana hii ni mzigo wa mwalimu tu. Tangu Januari 2016, serikali ilipoondoa ada na michango ya lazima, wako waliosema, "Sasa shule ni ya serikali." Ada imeondolewa, ubaba na umama haukuondolewa. Mvua kubwa za Machi hata Mei zijazapo mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, mwambieni mwalimu ya kuwa mtoto hawezi kuvuka, asihesabiwe mtoro. Mpunga ukianza kuiva, msimfiche mtoto shambani kuamia ndege juma zima. Semeni, mpange pamoja na mwalimu saa za baada ya shule. Kama kuna msiba nyumbani, au mama amesafiri, au mtoto haoni vema, neno moja lenu laweza kumwondolea mwanenu jina la ujinga ambalo hakustahili kulibeba.

Limebaki jambo moja tusilotaka kulisahau, nalo ni fungu la mtoto mwenyewe. Tumesema ya kuwa amana ni yake. Basi yapasa awe wa kwanza kuambiwa, kabla ya baba na kabla ya mama. Na mwalimu azungumzapo na wazazi, mtoto awepo, asikie, naye apewe nafasi ya kusema. Jioni ya leo, chakula kikiisha, mwiteni mtoto karibu na taa pamoja na daftari lake. Msimwulize amekuwa wa ngapi. Mwulizeni, "Leo umejua nini ambacho jana hukukijua?" Na akijibu ya kuwa hapana, msimkaripie, muulizeni palipomshinda ni wapi, kisha kesho mwelezeni mwalimu.