Je, Dunia Ndiyo Yenye Hatia?

Kila lisikikapo jambo la kutisha shuleni, kwamba wanafunzi wamemjeruhi mwenzao au wamechoma bweni, neno moja hutangulia midomoni mwetu: "Dunia imebadilika." Hulisema mzee wa Buganguzi chini ya migomba yake, hulisema na mama wa Dar es Salaam dukani mwake, na wote wawili huona wamekwisha kueleza kila kitu. Wapenzi wasomaji, yafaa tulichungue neno hilo, kwa maana ndani yake hamna mtu. Dunia haina mikono ya kushika kibiriti.

Mwezi wa Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli huko Machakos, nchini Kenya, petroli ilimwagwa bwenini usiku, wavulana wamelala. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yana nondo, wakafa 67. Miongoni mwa waliofikishwa mahakamani walikuwamo wanafunzi wenzao. Miaka kumi nyuma, Julai 1991, katika shule ya Mtakatifu Kizito huko Meru, wavulana walivunja bweni la wasichana waliokataa kuwafuata katika mgomo. Wasichana 19 walikufa, na wengine wengi wakanajisiwa. Na shule hiyo ilichukua jina la kijana aliyekubali kuuawa Namugongo mwaka 1886 kuliko kumtii mfalme katika uovu! Wale wanaodhani simu ya mkononi ndiyo iliyoharibu vijana watuambie wavulana wa mwaka 1991 walikuwa na simu gani.

Mabadiliko yapo, wala hatuyakani. Kagera iliujua ukimwi tangu mwaka 1983, na nyumba nyingi zikabaki na bibi na wajukuu tu. Mnyauko wa migomba ulipoingia mwaka 2006, mashamba yaliyolisha ukoo mzima yakapungua nguvu. Shule za sekondari za kata zilijengwa kwa haraka baada ya mwaka 2004, na ada ikaondolewa mwaka 2016. Watoto wakafurika, jambo la kumshukuru Mungu, lakini walimu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Akaaye mbali na shule hupangiwa chumba mtaani. Ana miaka kumi na mitano, ajipikia mwenyewe, na hakuna mkubwa wa kumwuliza amerudi saa ngapi. Zamani Wahaya waliwakusanya vijana rika kwa rika katika omuteko, wakakua chini ya macho ya wakubwa. Hatusemi enzi hizo zilikuwa za malaika. Lakini kijana alikuwa na wa kumtazama.

Waliosoma falsafa hutenganisha sababu ya tendo na nafasi yake. Chumba kisicho na mzazi ni nafasi ya uovu, si sababu yake, maana wako waliolala katika vyumba vya namna hiyo wakatoka walimu na wauguzi. Kwa hiyo kijana aliyewasha moto abaki na hatia yake. Tukimwondolea, tumemwondolea na utu, kwa kuwa asiyeweza kulaumiwa hawezi kusifiwa pia. Lakini nafasi nayo ina mwenyewe: kuna mtu aliyeifungua, au aliyeiona wazi akapita.

Tena kuna jambo zito kuliko nafasi, nalo ni fundisho. Mwezi wa Agosti 2018, mjini Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi Kibeta, mwenye miaka 13, alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa kushukiwa kuiba mkoba. Kesi ikafika Mahakama Kuu. Huo haukuwa ukatili wa kijana. Twautaja kwa sababu watoto wa shule ile waliujua wote, na kila mmoja akaondoka na fundisho lake. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu vijana watatu katika kila wanne walipata kuumizwa mwilini kabla ya kutimiza miaka 18, na miongoni mwa waliowaumiza ni jamaa zao na walimu wao. Twashangaa nini, basi, wakiamini kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki?

Mwalimu mwenye darasa la watoto mia atatuuliza afanye nini bila fimbo. Swali lake ni la haki. Kenya iliipiga fimbo marufuku mwaka 2001, na mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilichomwa moto. Fimbo iliondolewa, na mahali pake pengi hapakuwekwa kitu. Mwanafunzi mwenye lalamiko alibaki bila mlango wa kubisha.

Mikutano ya wazazi hapa kwetu huzungumza michango, madawati na chakula cha mchana. Liongezwe jambo moja: wanafunzi wawili watatu wa kila kidato waje waseme mbele ya wazazi na mkuu wa shule yale yanayowaudhi, maneno yao yaandikwe, na kikao kifuatacho kiulize yamefanyiwa nini. Na mzazi aliyempangia mwanawe chumba, aende akakione kabla muhula haujaisha, tena asipige simu kwanza.