Alinifanyia Tabia Mbaya

"Alinifanyia tabia mbaya." Mtoto anasema hivyo kizimbani, kichwa chini, vidole vikivuta uzi uliochomoza kwenye upindo wa sketi ya shule. Hakimu anaandika. Rufaa inapofika mbele ya majaji watatu, uzi haupo na kichwa kilichoinama hakipo. Yamebaki maneno matatu kwenye mwenendo wa shauri. Tena huenda hata hayo si yake, kwani kwa miaka mingi mahakama nyingi za Tanzania zilimsikiliza shahidi kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021.

Aliyesema hivyo amesema nini?

Sheria inatafuta kitendo. Ubakaji hauthibitiki bila kuthibitisha kuingiliwa, hata kuwe kudogo namna gani. Ndiyo maana Mahakama ya Rufani ya Tanzania imewahi kuonya kwamba haitoshi shahidi kudai amebakwa bila kueleza kilichotendeka. Onyo hilo silidharau. Mtu mzima akitiwa hatiani kwa kubaka anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30, na hakuna anayestahili kukaa gerezani miaka hiyo yote kwa sababu ya jina la kosa tu.

Lakini sisi tuliolelewa kwa Kiswahili tunajua namna tulivyolelewa. Tuna sehemu za siri, tuna kukutana kimwili, tuna haja ndogo na haja kubwa. Mtoto akitaja kitu kwa jina lake anakemewa, pengine anachapwa. Kisha siku moja tunampandisha kizimbani mbele ya watu wazima asiowajua, hata kama milango imefungwa, tukamtaka ataje. Akitaja waziwazi, ataulizwa nani kamfundisha. Akisitiri, ushahidi wake unaambiwa una pengo.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikubali kwamba watoto husema hivyo, "tabia mbaya", na kwamba mahakama zinapaswa kuwaelewa. Nakubaliana nayo, wala si kwa huruma. Kumwelewa shahidi na kumwamini ni mambo mawili, na mara nyingi tunayachanganya. Kuelewa kunatangulia, na ni haki ya kila anayesema, mkweli na mwongo. Kuamini kunakuja baadaye, baada ya kupima. Hakimu anayelitupa neno la mtoto kwa sababu ni la kusitiri anadhani amelipima akaliona jepesi, kumbe hajalisikia bado.

Kupima nako kuna historia yake. Zamani neno la mwanamke aliyebakwa halikuaminiwa mpaka liungwe mkono na ushahidi mwingine. Kenya, Mahakama ya Rufani iliona baadaye kwamba sharti hilo linawabagua wanawake kinyume cha Katiba. Tanzania, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, tuliyoizoea kwa jina la SOSPA, iliruhusu mtu kutiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, mradi mahakama iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ikasema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika. Baadaye ikabidi ikumbushe kwamba haikukusudiwa neno lake lipokewe kama msahafu. Je, maelezo yake yanashikamana? Alimtaja mtuhumiwa mapema? Yanapatana na ya mashahidi wengine na PF3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari? Hayo majaji wa rufani wanaweza kuyapima kwenye karatasi. Uso wa shahidi aliuona hakimu peke yake.

Kwa hiyo yote yanarudi kwenye chumba kile cha kwanza. Mwendesha mashtaka, mtoto akisema "tabia mbaya", usikae. Muulize kwa upole: tabia mbaya gani, alikufanya nini, wapi kwenye mwili wako? Nawe hakimu, liandike jibu kama lilivyotoka kinywani mwake.