Mtoto wa Rais na Mizani ya Haki

Oktoba 2018 Hunter Biden alinunua bastola huko Delaware, akajaza fomu kwamba hatumii dawa za kulevya. Juni 2024 baraza la mahakama lilimkuta na hatia. Desemba baba yake, Rais wa Marekani, akamsamehe.

Wapo wanaosema asiye na jina asingeshtakiwa kwa kosa hilo pekee. Huenda. Kumwandama mtu kwa ukoo wake ni dhulma. Lakini kumwokoa kwa ukoo wake pia ni dhulma: waliofungwa kwa sheria ileile hawana baba Ikulu.

Mtume (s.a.w.) alipoombwa amwachie mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba, alikataa, hata bintiye Fatima asingesalimika.

Nasi tujiulize: rafiki yetu akinaswa na majibu mtihanini, tutatoa ushahidi gani?