Kilio Huanza Mfiwa

Mwanadamu ana mabwana wawili wasiokubali kungojeana: kazi yake na damu yake. Siku za heri mabwana hawa hupatana, kwa kuwa mtu hufanya kazi ili awalishe walio wake, na walio wake humtia nguvu ya kurudi kazini kesho yake. Kifo kiingiapo nyumbani mapatano hayo huvunjika. Kazi humwita mfiwa kwa sauti ile ile ya jana, lakini aitwaye si mtu yule wa jana. Hapo ndipo lizukapo swali ambalo wenye hekima hawajalimaliza. Je, mtu aliyejaliwa kipaji adimu, ambacho maelfu hukitazama na kukifurahia, ana ruhusa ya kukiweka chini kwa ajili ya msiba wake mwenyewe? Au kipaji kikisha kuwa furaha ya wengi huwa si mali yake tena?

Swali hili laweza kupimwa kwa mambo yaliyompata Michael Jordan, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani. Mwezi wa Juni 1993 timu yake ya Chicago Bulls ilitwaa ubingwa kwa mara ya tatu mfululizo, baada ya ule wa 1991 na ule wa 1992. Alikuwa na umri wa miaka 30, na katika mchezo huo hapakuwa na jina lililotajwa duniani kuliko lake. Tarehe 23 Julai mwaka huo huo baba yake, James Jordan, alikuwa njiani usiku katika jimbo la North Carolina, akitoka mazishini kumzika rafiki. Usingizi ukamlemea, akalisimamisha gari kando ya barabara apumzike, na humo garini akauawa kwa risasi. Maiti yake ilionekana tarehe 3 Agosti katika kinamasi cha jimbo jirani la South Carolina, wala haikutambuliwa kuwa ni ya nani mpaka siku kumi zilipopita. Marehemu alikuwa na miaka 56. Vijana wawili walikamatwa, na baadaye wakahukumiwa kwa mauaji hayo. Tarehe 6 Oktoba, kabla ya msimu mpya kuanza, mwana alitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba anaacha kucheza.

Maneno aliyoyasema siku ile yastahili kusikilizwa kwa makini kuliko kelele zilizoyafuata. Alisema kwamba amefika kileleni na hana tena la kuonyesha. Kwamba hamu ya mchezo imemtoka. Na kwamba kwake ni jambo kubwa kuwa baba yake aliuona mchezo wake wa mwisho. Alisema pia kwamba wazo la kuacha lilikuwamo moyoni mwake kabla ya msiba, na kwamba angalifanya uamuzi huo huo hata kama baba yake angalikuwa hai. Kwa hiyo asemaye kuwa kifo peke yake kilimwondoa uwanjani amezidisha, na asemaye kuwa kifo hakikuhusika amepunguza. Sababu za moyo hazina desturi ya kuja moja moja. Uchovu uliokuwa ukivumilika wakati baba yu hai huenda usivumilike baba akiisha kuzikwa, ingawa uchovu ni ule ule.

Walimwengu hawakuridhika na jibu lililochanganyika namna hiyo. Ilikwisha julikana kuwa mchezaji huyu alipenda kucheza kamari, na kabla hata ya ukweli wa mauaji kupambanuka, baadhi ya magazeti yaliuliza kama damu ya baba haikumwagwa kwa madeni ya mwana. Ushahidi wa tuhuma hiyo haukupatikana. Waswahili husema kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kumwonya mtu anayengoja wengine wamtendee jambo ambalo yeye mwenyewe hajalianza. Lakini ina upande wa pili usiotazamwa sana, nao ni adabu ya wa mbali. Mfiwa ndiye aijuaye sauti ya kilio chake, na kiasi chake, na saa ya kukianza. Wa mbali akitangulia kupiga ukelele huwa amempokonya mwenye msiba kitu cha mwisho alichobakiwa nacho.

Wako wasemao kwamba kipaji ni amana, na kwamba mwenye amana hana haki ya kuitupa kwa sababu ameumia. Hoja hii ina uzito, maana jamii isiyodai chochote kwa wenye vipaji vyake huishia kuvifukia. Lakini amana ina masharti: hapana budi ijulikane nani aliyeiweka, ni kitu gani kilichowekwa, na lini chatakiwa kurudishwa. Watazamaji wa Chicago hawakuweka kitu mikononi mwa Jordan. Walinunua tikiti, wakaonyeshwa mchezo, na biashara ile ikaisha kila usiku taa zilipozimwa. Makofi yao yalikuwa malipo ya furaha waliyokwisha kuipata, wala hayakuwa mkopo wa furaha ya miaka ijayo. Kama kipaji ni amana ya Mungu, hesabu yake itatolewa kwa Mungu. Kama ni amana ya wazazi waliomlea, basi mmoja wa wenye kudai alikuwa kaburini, na mwana ndiye aliyejua zaidi alilolitaka.

Ni kweli kwamba ziko kazi ambazo mfiwa hawezi kuziacha papo hapo. Nahodha akifiwa katikati ya bahari hauachi usukani. Atalia huku ameushika mpaka merikebu ifike bandarini, kwa kuwa roho za abiria zimo mikononi mwake. Tabibu aliyekwisha kumpasua mgonjwa hamwachi mezani. Wajibu wa watu hawa hautokani na ukubwa wa kipaji chao. Nahodha hodari na nahodha wa kawaida wamefungwa sawasawa, maana kifungo chenyewe ni madhara yatakayowapata wengine wakiondoka. Mchezaji wa mpira aliondoka merikebu haijang'oa nanga. Wenzake walikuwa na wakati wa kujipanga, na msimu ule wakashinda michezo 55 kati ya 82. Hawakuutwaa ubingwa, lakini hakuna aliyezama.

Hata hivyo uko mfano mwingine uelekeao kuushinda huu. Mwaka 1999, wakati wa mashindano ya Kombe la Dunia la kriketi nchini Uingereza, Sachin Tendulkar wa India alipata habari kwamba baba yake amefariki. Baba huyo, Ramesh Tendulkar, alikuwa mwalimu wa lugha ya Kimarathi, mtunzi wa mashairi na riwaya. Mwana akarudi Mumbai kuzika. Timu ya India ikacheza na Zimbabwe pasipo yeye, ikashindwa kwa mikimbio mitatu tu. Mama yake akamhimiza arudi mchezoni. Tarehe 23 Mei, siku chache tu baada ya mazishi, alisimama uwanjani mjini Bristol kupambana na timu ya Kenya, akapata mikimbio 140 bila kutolewa. Alipofikisha mia aliinua macho juu mbinguni. Mashabiki wa Kenya waliokuwa wakiitazama timu yao ikishindwa waliona kwamba mtu yule hachezi na Wakenya peke yao.

Atakayeviweka visa hivi viwili kwenye mizani atashawishika kumsifu mmoja kwa kumlaumu mwenziwe. Atasema kwamba Tendulkar alikuwa imara na Jordan alikuwa dhaifu. Au, akiwa na moyo wa namna nyingine, atasema kwamba Jordan alimpenda babaye na Tendulkar aliupenda mchezo. Hukumu zote mbili ni za haraka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: aubebaye ndiye ajuaye kama ndani mna usufi au mna mawe. Katika visa hivi baba wote wawili walipendwa, na wana wote wawili walitenda jambo waliloamini kwamba marehemu angaliliridhia. Mmoja alirudi uwanjani, na mwingine akatoka.

Ufunguo wa tofauti yao huenda uko katika jambo moja, nalo ni shahidi wa kazi. Kila mtu afanyaye kazi kwa bidii iliyopita kiasi ana shahidi wake moyoni: mtu mmoja, au wawili, ambao jicho lao lampa thamani kuliko macho ya umati. Mwanafunzi husoma mbele ya jicho la mama. Mshairi hutunga mbele ya jicho la mwalimu wake, hata kama mwalimu yu mbali. Shahidi akifa, kazi hubaki vile vile kwa nje, bali ndani huwa imeondokewa na mlengwa wake. Hapo wako wasemao, "Ataniona zaidi sasa," nao huendelea. Wako wasemao, "Aliona la mwisho, na latosha," nao hukoma. Hapana kanuni iwezayo kumwamuru mtu aseme hili asiseme lile, kwa sababu hapana awezaye kumchagulia mwenzake shahidi.

Alilolifanya Jordan baada ya kutoka lathibitisha jambo hili. Mwaka 1994 alijiunga na Birmingham Barons, timu ya daraja la chini ya besiboli, mchezo ambao baba yake aliupenda na ambao alitamani kumwona mwanawe akiucheza. Akasafiri kwa basi pamoja na vijana wasiojulikana, yeye aliyejulikana duniani kote. Katika michezo 127 hakufaulu sana: kwa kila zamu mia za kupiga mpira alifanikiwa kama ishirini tu. Watu walicheka. Lakini mtu aliyekuwa bingwa akakubali kuwa mwanagenzi, na kushindwa mbele ya macho ya watu kwa ajili ya neno la marehemu, hakustahili kuchekwa. Heshima kwa wafu ina gharama, na ile isiyomgharimu mtu kitu aghalabu ni maneno matupu.

Imebaki hoja iliyo nzito kuliko zote zilizotangulia, nayo ni ya haki. Mtu atauliza: ni wangapi wawezao kulia namna hiyo? Mwenye Chicago Bulls, ambaye pia alikuwa mwenye timu kubwa ya besiboli ya Chicago White Sox, aliendelea kumlipa Jordan mshahara wakati alipokuwa akijaribu mchezo mwingine. Mvuvi wa Bagamoyo akifiwa na baba yake hana wa kumlipa. Asipotweka tanga wanawe watalala na njaa. Mchukuzi wa bandarini, mama wa sokoni na muuguzi wa zamu ya usiku hufuta machozi wakarudi kazini kabla udongo wa kaburi haujakauka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka siku zisizopungua nne za likizo yenye malipo kwa mwajiriwa aliyefiwa na mzazi. Naye asiye na mwajiri hana hata hizo. Je, haionekani basi kwamba kustaafu kwa msiba ni anasa ya matajiri?

Hoja hii ni ya kweli katika mwanzo wake, na hupotoka katika mwisho wake. Kwamba maskini ananyimwa nafasi ya kulia ni dhuluma. Lakini dhuluma haiondolewi kwa kumnyima na tajiri. Dawa yake ni kuieneza nafasi ile. Mila za pwani zililifahamu jambo hili kabla ya sheria kuandikwa. Siku za matanga mfiwa hapiki. Majirani huja na mchele na kuni, hulala pale, hupokea wageni, na kazi za nyumba ile huwa za mtaa mzima. Maana ya matanga ni kwamba msiba wa mmoja haupaswi kumkuta amesimama peke yake kati ya kazi na kilio. Kile ambacho tajiri hukinunua kwa fedha zake, ujirani ulimpa maskini bure. Miji ilipokua, watu wakahamia vyumba vya kupanga ambamo jirani hajui jina la jirani, kipawa hicho kilianza kupungua, na siku nne za sheria haziwezi kuijaza nafasi yake. Kwa hiyo swali la mchezaji mmoja wa Marekani lawarudia wote: ni nani atakayeishika kazi ya mfiwa ili naye apate kulia?

Jordan alirudi. Tarehe 18 Machi 1995, baada ya miezi kumi na saba, alitoa tangazo fupi mno la kurejea kwake, na kesho yake akacheza. Tarehe 16 Juni 1996 Chicago Bulls wakatwaa ubingwa tena. Siku ile ilikuwa ndiyo sikukuu ya akina baba nchini Marekani. Alionekana amelala kifudifudi sakafuni katika chumba cha wachezaji, ameukumbatia mpira, akilia kwa kwikwi. Karibu miaka mitatu ilikuwa imepita tangu mauaji yale, na matanga yalikwisha vunjwa zamani. Waliodhani kwamba aliondoka ili amalize huzuni, na kwamba alirudi kwa kuwa imekwisha, walijionea kuwa hesabu yao ilikuwa na kasoro. Huzuni haikuwa imekwisha. Ila sasa aliweza kuwa nayo uwanjani, jambo ambalo mwaka 1993 hakuliweza.

Kutokana na haya yote yaonekana kwamba kuacha kazi kwa msiba si usaliti wala si ushujaa. Ni haki, nayo ina mipaka: isimzamishe abiria, wala isivunje ahadi ambayo wengine wameiegemea. Ndani ya mipaka hiyo mfiwa hadaiwi na watazamaji. Yeye ndiye wa kuanza kilio, naye ndiye wa kujua kimefika wapi. Wa mbali wana wajibu wao pia, nao ni mwepesi kuutaja na mgumu kuutimiza: kuingia baada yake, kwa sauti iliyo chini ya yake, na kuubeba mzigo wake wa kazi kwa muda autakao.