Mikanda ya Video: Je, Yafaa Kukata?

Wengi wetu tungali na mikanda ya video kabatini: ya arusi, ya ubatizo, hata ya mazishi. Mikanda ya VHS ilianza kuuzwa Japani mwaka 1976. Kampuni ya Funai ya huko, ya mwisho kujulikana kwa kutengeneza deki zake, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Tena unga wa sumaku unaoshika picha huzidi kuchakaa. Basi yafaa kuihamishia kwenye diski mapema, maana mkanda wa saa mbili hunakiliwa kwa saa mbili kamili.

Lakini hapo latokea swali: je, mwenye kunakili ana ruhusa ya kukata? Katika arusi yumo mke aliyetengana na mumewe baadaye. Katika sikukuu yumo mjomba aliyelewa na kutukana. Wengine husema, "Tufute, tusiwaaibishe watoto." Twakubali kwamba aibu ya mtu haifai kutangazwa. Walakini kusitiri si sawa na kufuta. Mke yule ana watoto. Kumwondoa ni kuwanyang'anya sura ya mama yao, na kuwaambia uongo usio na maneno.

Shauri letu ni hili: nakilini yote, ya siri yawekwe mahali pa siri, wala msitupe mkanda wenyewe, kwani diski nazo huharibika. Mwenye ufunguo wa kabati si mwenye mali. Kumbukumbu ni ya jamaa yote, hata ya wale wasiozaliwa bado.