Ncha Nne za Machela

Somo: Marko 2:1–12

Wapendwa, tuliokulia vijiji vya milimani tunaijua machela. Mgonjwa akizidiwa usiku na gari haliwezi kupanda, majirani hukata miti miwili, hufunga blanketi, kisha hupokezana mabegani hadi barabarani. Hakuna anayeuliza ujira.

Kapernaumu nako, mtu aliyepooza alifika kwa Yesu akiwa amebebwa. Marko anatupa hesabu ya wabebaji, watu wanne, ila majina yao hayataji. Walipokuta umati umeziba mlango, wangeweza kumlaza uani na kusema, "Tumejitahidi." Wao walipanda juu, wakatoboa paa, wakamteremsha na godoro lake.

Hapo Marko anasema Yesu aliiona imani yao. Hatusikii wale wanne wakitamka neno lolote. Imani yao ilikuwa jasho mgongoni na udongo wa paa mikononi. Tena hakuna hata mmoja ambaye angemfikisha mgonjwa peke yake. Kila mtu alishika ncha yake, na mmoja angeachia, mgonjwa angeanguka.

Mtaani kwetu machela zinangoja mabega. Wodini yupo mama aliyejifungua kwa shida, anahitaji damu. Damu haina kiwanda; hutoka kwa mtu mzima wa afya. Hapa Tanzania huchangia mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Hiyo ni ncha moja. Nyingine ni kumpelekea uji mgonjwa asiye na ndugu, kumtekea maji bibi anayeishi peke yake, au kukaa na watoto wa jirani jioni wakijifunza kusoma. Usingoje uweze yote. Chagua ncha moja wiki hii, uishike hadi mwisho wa safari.

Tena tazama alivyoondoka yule mtu: amejitwika godoro lake mwenyewe. Aliyeletwa mabegani mwa wenzake sasa ana bega la kubebea. Nasi tulio wazima leo, tukikumbuka vizuri, kuna waliotubeba.

Tuombe: Bwana Yesu, tuonyeshe mlango uliozibwa na jirani aliye nje yake. Utupe mabega yasiyochoka upesi. Amina.