Pishi ya Kila Siku



Mwezi wa Novemba ukikaribia, hofu huingia katika nyumba nyingi za Wakristo wetu. Wanafunzi wa Kidato cha Nne wanangojea mtihani wa taifa, upimao kazi ya miaka minne. Twamwona mtoto akikesha na vitabu mpaka majogoo. Chakula hakimpiti kooni, moyo wamwenda mbio, na kulipokucha hakumbuki hata neno alilolijua jana. Wengine huugua, wengine hukata tamaa. Jambo hili si dogo, wala haifai tuwaachie walimu wa shule peke yao.

Tutazame Kutoka, sura ya 16. Jangwani Mungu aliwapa Israeli mana, akaamuru kila mtu aokote pishi ya siku moja. Iliyobakizwa mpaka asubuhi iliingia mabuu ikanuka. Siku ya sita waliokota maradufu, ili siku ya saba wapumzike. Mungu hakuwapa chakula cha miaka arobaini kwa siku moja, wala hakumtwika mtu mzigo huo.

Masomo nayo yana pishi yake. Aliyeweka kazi ya Januari mpaka Oktoba ataka kubeba miezi mingi kwa usiku mmoja. Si ajabu akiogopa. Bali agawaye siku yake, saa ya kurudia aliyofundishwa, saa ya kazi za nyumbani, saa ya sala, saa ya kulala, huutua mzigo wa leo leo. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vine ni pishi moja. Usingizi nao si uvivu, maana katika usingizi akili huyashika yaliyosomwa mchana. Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, afundisha kwamba baada ya sala ya asubuhi twende kazini kwa furaha, na baada ya sala ya jioni tulale mara moja kwa moyo mchangamfu.

Basi, sisi wazazi tusimtume mtoto maji na kuni mpaka usiku, kisha tukamwuliza mbona hakusoma. Tumwekee saa yake na taa yake. Nasi viongozi wa sharika tuangalie mazoezi ya kwaya yasimle mwanafunzi jioni zake zote.

Lakini tusiifanye saa kuwa mungu. Yuko atakayegawa siku zake vema, na bado asifaulu. Huyo tusimfukuze mezani kwa maneno makali. Wengi wa watoto wetu walibatizwa kabla hawajajua herufi hata moja, na Bwana aliwaita wake siku ile; hakungoja matokeo ya mtihani. Mtoto alijuaye neno hili ataingia katika chumba cha mtihani mkono wake ukiwa umetulia.

Bwana atupe kazi ya leo, na usingizi wa leo. Amina.